Makapi ya Dawa ya Mama

Bisha. Tena bisha kwa sauti, na wenzako wasikie. Najua unavyoniona: Gadi wa Ngarenaro, kidato cha pili hakumaliza, anapiga rangi magari ya watu, mdomo mrefu kuliko ngazi. Haya, cheka. Ukimaliza, twende kwetu Nkoaranga. Utakaa sebuleni na dada yangu Ruth, taa inawaka, mlango wa nje uko wazi, halafu usikilize kinachoendelea chumba cha pili. Ukivumilia mpaka chai yako ipoe, nitakuamkia shikamoo.

Jioni ile nilitumwa kitu kidogo tu. Kumwaga makapi ya dawa.

Mama alipigwa na kiharusi wakati wa kuchuma kahawa. Upande wote wa kulia ukalala. Mama yangu mimi, aliyekuwa anapanda kile kilima na mkungu wa ndizi kichwani huku anamgombeza mtu aliye nyuma yake! Hospitali wakafanya yao, wakaturudisha nyumbani na mazoezi. Mazoezi tukafanya. Maombi ndiyo usiseme, hata wasiotupenda walikuja kuomba. Mguu, kimya.

Ndipo tukampeleka mjini, kwenye kliniki ya tiba za Kichina.

Usianze kufikiria mafuvu na vibuyu. Pale ni pasafi kuliko kwako. Daktari Lin ni mama mtu mzima, hacheki ovyo. Anakushika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, anafumba macho, anasikiliza mapigo kama fundi anavyosikiliza injini. Ana sindano nyembamba kama unywele. Ana vikombe vya kioo vya kuumika mgongoni. Ana kijiti cha majani makavu anachokiwasha na kukisogeza karibu na ngozi bila kugusa. Moshi wake mzito, unanuka kama shamba linaloungua mbali.

Mimi nikajifanya dume. Nikasema na mimi nichomwe moja, nionje. Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wa nje wakanyanyuka.

"Kaka, mbona mama yako hajalia hata mara moja?" Elinaza akaniuliza. Huyo ndiye dada anayemtafsiria daktari.

"Si upande wake hausikii!"

"Tunamchoma na ule mzima pia."

Nikaomba sindano ichomolewe.

Elinaza huyo huyo ndiye aliyetupatia pakiti za mizizi na magome ya kuchemsha. Akasema Mama anywe maji yake, makapi tutupe shimoni. Halafu akacheka. "Zamani mabibi wa kwao Uchina walikuwa wanayamwaga njiani. Eti anayekanyaga anaondoka na ugonjwa. Daktari mwenyewe hayaamini hayo."

"Hata kwetu Meru wapo wanaotupa vitu njia panda," nikamwambia.

"Basi wewe usiige."

Na dawa ilikuwa inafanya kazi, nisiseme uongo. Siku moja kidole gumba cha mguu wa Mama kilicheza. Kidogo tu, kama mjusi anayeshtuka. Daktari Lin akatabasamu kwa mara ya kwanza. Elinaza akatafsiri: atatembea, ila ni miezi. Subira.

Miezi! Mama hakuwa na miezi. Alishaanza kusukuma bakuli la uji kwa mkono ule mzima. Ruth akiwa anamwosha, Mama akageukia ukuta, akaniita.

"Gadiel, mwanangu. Mwombe Mungu anichukue. Nimechoka kuoshwa kama mtoto."

Mimi, mwenye maneno yote haya, nikachukua lile bakuli la uji nikatoka nalo nje.

Basi jioni ile Ruth akanipa sufuria, mvuke bado unatoka. "Katupe shimoni, kule nyuma ya migomba."

Nikaitikia. Nikalipita shimo.

Kuna mahali vijia vitatu vinakutana. Kimoja kinatoka msituni juu, kimoja kinashuka kanisani, kimoja kinakuja kwetu. Nikamwaga makapi pale katikati, nikajificha kwenye mibuni. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa, tope linameza kandambili. Nikasema moyoni, apite yeyote. Yeyote tu. Mama ainuke.

Akapita mzee Nathanaeli, mzee wa kanisa, anavuta mbuzi. Mbuzi akafika pale akagoma. Akavutwa, akakaza miguu yote minne. Mzee akainama, akaona, akaruka nyuma kama kijana.

"Aliyemwaga hapa aje ayale mwenyewe!" akapaza sauti. "Mjinga mkubwa! Na kanisani tunakaa naye!"

Nikauma mkono wa shati nisicheke. Akazunguka kwa shambani, yeye na mbuzi wake.

Kisha hakupita mtu.

Ukungu ukashuka kutoka mlimani. Ndege wakanyamaza, si mmoja mmoja... wote pamoja, kama mtu amezima redio.

Ikaja harufu kwanza.

Moshi. Moshi wa kile kijiti cha kliniki. Nikageuka huku na huku. Hakuna aliyewasha kitu.

Halafu hatua. Pa... pa... pa... Zinatoka juu, msituni. Kwenye tope lile, mguu ulipaswa kulia chwaka, chwaka. Lakini hatua zile zilikuwa kavu, kama mtu anatembea ndani ya nyumba ya saruji.

Mwanamke. Mrefu. Shuka limemfunika kichwa chote. Hana viatu, na miguu yake ni nyeupe kwa vumbi.

Vumbi.

Hakuruka. Hakuzunguka. Akaingia katikati ya makapi kwa miguu yote miwili, akaanza kukanyaga, taratibu, kama anayekanda udongo wa kukandika nyumba.

"Bado ya moto," akanong'ona.

Akageuza kichwa kwenye mibuni. Kwenye mbuni wangu.

Nilikimbia. Niliacha sufuria, niliacha kandambili, niliacha na ule uanaume wote wa Ngarenaro. Kabla sijafika nyumbani nikamsikia Ruth anapiga kelele, nikajua Mama amekufa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

Amesimama! Ruth analia, anacheka, anapiga makofi. Nikamkumbatia Mama. Alikuwa wa baridi, lakini nikasema ni upepo wa mlima. Akanitoka mikononi, akatembea mpaka dirishani. Akageuka. Mpaka mlangoni. Akageuka.

"Mama, kaa kidogo," Ruth akamwambia. "Utachoka."

Hakukaa. Dirishani. Mlangoni. Dirishani. Alinipita mara nyingi karibu kabisa, na hakunitazama. Hakumtazama yeyote.

Ruth akashusha taa chini.

"Gadi," akanong'ona. "Iangalie miguu yake."

Mtu ambaye hajagusa ardhi tangu siku ya kuchuma kahawa. Na nyayo zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi.

Pa... pa... pa...

Mpaka kunakucha hakusimama. Mchungaji alikuja kuomba, Mama akamzunguka kama anavyozungukwa ng'ombe aliyelala njiani. Tukamkamata, jirani akatuazima gari, tukamkalisha kwa nguvu mimi huku, Ruth huku. Miguu ikaendelea kutembea kwenye sakafu ya gari mpaka mjini.

Daktari Lin akamshika mkono kwa vile vidole vitatu. Akafumba macho. Akakaa muda mrefu. Akabadilisha mkono. Kisha akauachia haraka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati la dawa. Akasema maneno machache.

Elinaza hakutafsiri.

"Anasemaje?"

"Kaka..."

"Sema, Elinaza!"

"Anauliza, mgonjwa wake mmemwacha wapi?"

Mpaka leo anatembea. Nyayo zimechanika, Ruth anazifunga vitambaa akimfuata kwa magoti, na uji tunamwekea mdomoni akiwa njiani kwenda dirishani. Na jioni, ukungu ukishuka, kuna mtu anakohoa kule njia panda. Ni kikohozi cha Mama, cha vumbi la kahawa kavu, nakijua tangu niko mgongoni. Nimekwenda nikaita. Nimekwenda nikapiga magoti kwenye tope, mimi Gadi. Kinakatika nikifika. Nikirudi nyumbani, kinaanza.

Mbona hucheki tena? Basi nikumalizie, maana kuna kipande nilikiruka. Hata Ruth hakijui, na ukimwambia nitakukana mbele ya watu.

Sikukimbia mara moja. Yule mwanamke alikuja mpaka kwenye mbuni, akainama, akaniuliza kwa upole kabisa, kama nesi anavyouliza.

"Nichukue ugonjwa peke yake, au na mwenyewe?"

Maneno mawili tu yangetosha. Ugonjwa tu. Hata mtoto angejibu. Lakini nilikuwa nauona ule ukuta aliougeukia Mama, na bakuli la uji linasukumwa. Nikamwambia:

"Chukua unachotaka. Mimi nataka atembee tu."