Bahasha Kutoka Winnipeg

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, Abigael alimpima baba yake presha. Hiyo ilikuwa kazi yake tangu alipotimiza miaka kumi, na sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Mzee Bernard, alikaa karibu na dirisha la nyumba yao, ghorofa ya kumi na nne huko Flemingdon Park, Toronto, akanyoosha mkono mezani kama mfalme anayesubiri kuvishwa saa ya dhahabu. Abigael alimfunga kitambaa cha mashine juu ya sweta, akabonyeza kitufe, na mashine ikanguruma kama paka aliyekanyagwa mkia. Namba zilipotokea, alizisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kisha akaziandika kwenye daftari la kijani.

"Ahsante, daktari," baba alisema kila mara, na mama akacheka huko jikoni.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Julai mwaka 2008, alipohamia Dada Leokadia.

Leokadia alikuwa binti wa mama mkubwa wa Bukoba. Alikuwa amehitimu chuo cha uuguzi Winnipeg, katika jimbo la Manitoba, na kupata leseni ya huko. Hospitali moja ya Toronto ilimwahidi kazi kuanzia tarehe mosi Septemba. Tatizo ni kwamba leseni ya Manitoba haikumruhusu kumgusa mgonjwa wa Ontario hata kwa kidole kidogo. Ilimbidi aombe leseni nyingine kwa baraza la wauguzi la Ontario. Asipoipata kwa wakati, nafasi yake ingekwenda kwa mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo nyumba nzima iligeuka kuwa ofisi ya Leokadia. Alilala kwenye kitanda cha Abigael, na Abigael akahamia godoro la chini. Fomu zilijaa mezani mpaka familia ikawa inakula sahani zikiwa mapajani. Wageni waliokuja baada ya misa waliuliza habari za leseni kwanza, na za afya baadaye. Kopo la senene, wale panzi wa kukaanga kutoka Bukoba, ambalo mama alilitunza kwenye friza kama hazina ya taifa, lilifunguliwa siku ya kwanza tu alipofika. Abigael alikumbuka kwamba yeye, alipokuwa wa kwanza darasani, alipewa senene sita.

Lakini kilichomuuma zaidi ni vicheko. Leokadia alisimulia kwamba baridi ya Winnipeg ni kali kiasi kwamba mtu akikusalimia Januari, salamu inaganda hewani, na unaisikia Machi theluji ikiyeyuka. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Zamani mama alicheka hivyo kwa hadithi za Abigael. Sasa Abigael akianza hadithi, mama alisema, "Subiri kidogo, dada yako anasoma." Hapo Abigael alijibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea akikasirika, na mama akamwambia kwamba mlango ukishafungwa, humu ndani ni Kiswahili.

Kisha ikaja Jumamosi ya pili ya Agosti. Abigael alikuwa anamfunga baba kitambaa, Leokadia akapita na kikombe cha chai.

"Mdogo wangu, hakifungwi juu ya sweta," alisema kwa upole. "Namba zinakuwa za kubahatisha. Nipe nikuonyeshe."

Akamvua baba sweta, akafunga, akapima, akaandika. Baba akasema, "Ahsante, daktari." Alisema kwa mazoea tu, wala hakujua alichofanya. Abigael aliingia chumbani akaketi kwenye godoro lake la chini. Miaka miwili ya namba zake ilikuwa imefutwa kwa kikombe kimoja cha chai.

Ijumaa iliyofuata, Leokadia alikuwa maktaba akisomea mtihani wa sheria za uuguzi za Ontario, na wazazi walikuwa kazini. Posta ilileta bahasha nene kutoka Winnipeg. Abigael aliijua. Ndani mlikuwa na matokeo yote ya chuo, na Leokadia alipaswa kuifikisha kwa baraza siku ya Jumatatu ikiwa imefungwa vilevile. Muhuri mwekundu wa chuo ulipigwa pale bahasha inapofungwa, nusu juu ya mfuniko na nusu chini yake.

Abigael aliigeuza mara nne. Alijiambia kwamba anataka kuona tu. Ukweli ni kwamba alitaka kukuta alama mbaya. Akaiweka juu ya mvuke wa birika, kama alivyoona kwenye filamu, ikafunguka kwa kusuasua na kuchanika pembeni.

Alama zilikuwa nzuri, zote zimejipanga kama askari wa gwaride. Isipokuwa moja. Somo la vitendo, mwaka wa kwanza: alifeli, akarudia. Abigael alirukaruka jikoni. Malkia wa Winnipeg alifeli!

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipotaka kuifunga bahasha. Gundi yake ilikuwa imekauka tangu darasa la tatu, kwa hiyo akakoroga unga wa ngano na maji. Akapaka, akabana chini ya kamusi, akasubiri. Bahasha ikavimba kama andazi, na nusu mbili za muhuri zikapishana kama watu waliogombana.

Jioni hiyo, Leokadia akiwa amesharudi, Bibi Khatijabai wa ghorofa ya kumi na mbili, Mwismaili aliyezaliwa Mwanza, alipanda kunywa chai kama kawaida yake. Abigael alimwamkia, bibi akaitikia marahaba, akaiona bahasha mezani, muhuri ukiwa chini.

"Leokadia, usiifungue hiyo, mtoto wangu," alisema. "Shemeji yangu Madatali, mhandisi mzima, alifungua yake aone alama. Wakamwandikia kwamba amechezea nyaraka. Kila ofisi anayokwenda wanamtazama kama mwizi. Mwaka mzima akauza donati, na donati zenyewe alikuwa anazila."

Wote walicheka. Abigael hakucheka. Alikuwa amedhani atafokewa tu, basi. Sasa alielewa kwamba Leokadia angeibeba bahasha ile kwa mikono yake mwenyewe Jumatatu, na baraza lingeamini kwamba aliyeifungua ni yeye.

Jumamosi saa nne, baba alikaa dirishani. Leokadia alimfunga kitambaa, mashine ikanguruma, akafungua daftari la kijani aandike namba. Akasimama kalamu mkononi. Kwenye mstari wa siku ile palikuwa pameshaandikwa, kwa mwandiko wa Abigael: *Bahasha niliifungua mimi. Sio Dada.*

Leokadia alikwenda kuichukua bahasha, akaitazama upande wa nyuma, akaketi. Baba alianza kupandisha sauti, Leokadia akamwomba amwachie. Akamuuliza Abigael kwa nini.

"Nilitaka nikute umefeli," Abigael alisema, macho chini. "Nikakuta umefeli mara moja. Nikafurahi."

Mama aliweka mwiko chini. Leokadia akaiweka bahasha mezani.

"Unajua nilifeli nini? Kupima presha. Nilikuwa sisikii mapigo, nikaona aibu kusema, nikaandika namba niliyoitunga. Mwalimu akapima tena. Yule mgonjwa alikuwa na hali mbaya, na mimi nimeandika yuko salama. Nilirudia muhula mzima."

Abigael akainua macho. Hakutegemea kusikia hivyo.

"Na wivu?" Leokadia aliendelea. "Hata mimi ninakuonea. Wewe una baba anayekunyooshea mkono kila Jumamosi. Mimi wangu sijamwona miaka mitano. Labda ndiyo maana nilikunyang'anya mashine, wala sikukuomba."

Jumatatu Leokadia alipiga simu Winnipeg na kueleza yote. Chuo kikakubali kutuma matokeo mengine moja kwa moja kwa baraza, lakini yangechukua wiki mbili. Kisha akapiga hospitali. Abigael alikaa kando yake, kwa sababu mama aliamuru asikie mwenyewe gharama ya mvuke wa birika. Leokadia hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba bahasha ilifunguliwa nyumbani kwao na hataipeleka. Mkuu wa wodi alisema atamshikia nafasi mpaka tarehe kumi na tano Septemba, na hataongeza hata siku moja.

Wiki zile Abigael aliosha vyombo vyote, na kila siku alishuka kwenye sanduku la barua, mara nyingi kwa ngazi, maana lifti ya jengo lile ilipenda kupumzika ghorofa ya sita. Leokadia alifaulu mtihani wa sheria. Septemba mosi ikapita, na asubuhi ile Leokadia alikaa dirishani akitazama mabasi ya kwenda Eglinton. Abigael alimwona, na ilimuuma kuliko fimbo. Tarehe kumi na moja, bahasha nyembamba ya baraza ilifika. Abigael aliipandisha ghorofa kumi na nne akiishika kwa ncha za vidole, kana kwamba ni yai linaloanguliwa, akampa mwenyewe aifungue.

Jumamosi ile mama alilifungua tena kopo la senene kusherehekea leseni. Baba alikaa dirishani, na Leokadia akamkabidhi Abigael mashine. Abigael alimvua baba sweta, akafunga kitambaa kwenye ngozi, akabonyeza. Namba zilikuwa juu kuliko zote zilizokuwemo daftarini.

Baba alichungulia jikoni, akamnong'oneza Abigael ashushe namba kidogo, kwa sababu mama akiona atamkataza samaki wa chumvi. Abigael alimtazama Leokadia. Leokadia akamsogezea kalamu. Abigael akaandika namba kama zilivyokuwa, akapeleka daftari jikoni. Mama akasema samaki wa chumvi basi, na Jumatatu baba aende kwa daktari wa kweli.

"Umeona?" Leokadia alimwambia Abigael. "Wivu utakuja tena, kwako na kwangu. Hauna leseni, huingia tu. Ukija, useme. Ukiuficha utakufanyisha mambo, na atakayeumia ni mtu mwingine. Ukikosea pia, andika palepale, hata kama ni aibu. Muuguzi asiyeandika kosa lake hafai, awe Manitoba au Ontario."

Baba alivaa sweta lake taratibu, akashika senene mmoja na kumtazama kwa huzuni.

"Ahsante, daktari," alisema. "Lakini enzi zile za sweta tulikula vizuri."