Mwito Uliotanuka Njiani

Mashine za mwanga hazinuki. Basi harufu ile ya majivu mabichi katika chumba cha mitambo pale Ndosho, Goma, ilitoka wapi, mchana kweupe, madirisha yote yamefungwa? Masika alinusa kila pembe.

Kazi yake ilikuwa kulinda ampli, mashine inayopokea mwanga uliochoka kwenye waya wa kioo kutoka Bunagana, mpakani, na kuupa nguvu tena. Ampli haichagui. Inakuza ujumbe, na takataka zilizoufuata njiani inazikuza vilevile. Fundi wa upande wa Bunagana alikuwa baba yake mwenyewe, muzee Barthélemy. Tangu barabara ifungwe na simu za mkononi za kule zikatike hawakuwa wamesikiana, na simu ya mafundi, inayopita kwenye waya uleule na kusikika chumbani bila kuinuliwa, ndiyo njia pekee iliyobaki. Masika alikuwa na hamu naye mpaka chakula hakimpiti kooni.

Lakini simu hiyo aliiogopa. Mwenzake Valentin aliitwa humo kwa sauti ya marehemu mke wake, akaitika. Sasa yuko kwao, mtaa wa Murara. Midomo yake inacheza kwanza, sauti inafuata baadaye, maneno yamepandana. Mama Donatille, anayeombea watu wenye majini, alipotoka kumwona Valentin akamnong'oneza Masika:

“Mutu ataita mara mbili. Ile kitu inaita mara moja tu, haina pumuzi ya kurudilia. Usiitike ya kwanza, mwanangu.”

Masika akalishika hilo. Simu ikawa inamwita kwa sauti ya baba yake, mara moja, kisha kimya. Alilia, lakini hakuitika.

Alasiri moja mkubwa wake wa kazi, hapo hapo Goma, akampigia simu ya mkononi kwa hasira: wateja wanalalamika mtandao ni dhaifu, apandishe nguvu ya ampli. Akapandisha. Mvumo ukajaa chumbani, harufu ya majivu ikazidi, vioo vya dirisha vikatetema, na ndani ya mvumo ule, mbali kabisa, kukawa na sauti anayoijua tangu utoto, inakaribia, inazidi kukaribia, mpaka ikamfikia sikioni:

“Masika... Masika.”

Mara mbili. Akairukia simu kwa furaha. Akaitika kama mtoto yeyote wa Goma aliyelelewa vizuri anavyomwitikia mzazi:

“Karibu, papa.”

Ndipo alipotazama kioo cha kupimia, kinachochora kila sauti kama kilele. Mwito ulikuwa mmoja. Ulitanuka tu njiani, kama mwanga unavyotanuka katika waya mrefu, ukapasuka kuwa vilele viwili, na ampli aliyoipandisha kwa mkono wake ikavikuza vyote. Na yeye alikuwa ameshaukaribisha. Kitu cha baridi kikampita mdomoni, kikashuka kooni.

Simu ikaita tena. Safari hii alikuwa muzee Barthélemy kweli, anakohoa, anamwita na kumwita, anauliza kama anasikika. Masika akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akaufumba, machozi yanamtoka, na hapo ndipo maneno yalipoanza kusikika, mazito, yamepandana.

Kule Bunagana mzee akauliza polepole:

“Masika iko wapi? Na weye ni nani, unasema na sauti yangu?”