Usimchinje Mbuzi, Baba Nduku

Mimi ni Nzembi. Ninauza chai hapa Maungu, pale malori ya Mombasa yanaposimama. Chai yangu ina maziwa ya mbuzi. Nina mayai ya kuchemsha, na chapati kwa ndengu. Madereva wananijua vizuri. Wakikosa kusimama kwangu, jua wana haraka kweli.

Mtoto wangu wa kwanza ni Nduku. Ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu. Anakimbia mbio za mita elfu tano. Kila asubuhi kabla ya shule anakimbia barabara ya vumbi hadi karibu na mlima, kisha anarudi. Jioni anakimbia tena. Sijui mapafu hayo aliyatoa wapi. Si kwangu. Na baba yake, Musyimi, akitembea kwenda dukani hupumzika mara mbili.

Sasa sikilizeni makosa yetu, na msicheke sana.

Kila asubuhi Nduku alikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, kwa mandazi. Jioni nilimpikia ugali kwa sukumawiki. Musyimi alisimama karibu na jiko akitoa amri.

"Ongeza unga, mama Nduku! Mkimbiaji ni ugali!"

Nami naongeza. Ndengu za shamba letu tuliuza sokoni Voi. Mayai na maziwa yalikwenda kwa madereva. Kisha, siku moja kabla ya mashindano, Musyimi alikuja na furushi kubwa la nyama.

"Kula, binti yangu. Jaza tangi!"

Nduku alikula mpaka akashindwa kuinama.

Mwezi wa tano alikimbia Voi. Aliongoza mizunguko minane. Mzunguko wa tisa, miguu ilikataa. Akapitwa na mmoja, akapitwa na wawili, akamaliza wa saba. Baada ya hapo misuli ilimuuma wiki nzima. Alikuwa amekonda, hata sketi ya shule ilimlegea. Mafua nayo hayakumwacha.

Jioni moja akaviweka viatu vyake vya mbio chini ya kitanda.

"Mama, mimi naacha kukimbia," akasema. "Mwili wangu hauwezi."

Aki, roho iliniuma. Mchujo wa timu ya kaunti ulikuwa umebaki wiki kumi tu. Wangechaguliwa wakimbiaji watatu. Mtoto huyu aliota timu hiyo tangu darasa la sita.

Musyimi naye akafikiri, akapata jibu lake.

"Nimejua shida," akasema. "Nyama ilikuwa kidogo. Leo nachinja mbuzi mzima!"

Akaenda kumfungua mbuzi mweusi. Yule ninayemkama!

"Baba Nduku, umerogwa?" nikapiga kelele. "Chai yangu nitatia nini?"

Tulikuwa tunavutana kamba, mimi huku, yeye kule, na mbuzi katikati analia, tuliposikia hodi. Alikuwa Wakesho, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Wakesho ni Mtaita wa Bura. Zamani alicheza voliboli mpaka magoti yakaomba likizo. Anaongea polepole, lakini kumshinda kwa maneno huwezi.

"Karibu, dada," nikasema kwa aibu.

"Asante. Baba Nduku, kuna harusi hapa?"

"Hapana. Nduku ana mashindano."

"Ni lini?"

"Baada ya wiki kumi."

Wakesho alicheka mpaka akakalia mtungi wa maji.

"Na nyama ikiisha, hizo wiki nyingine atakula nini?"

"Ugali."

"Ugali kwa mboga gani?"

"Kwa sukuma."

Wakesho akaacha kucheka. Akamwita Nduku, akamkalisha karibu naye.

"Nisikilizeni," akasema. "Mkimbiaji ni kama nyumba inayojengwa. Ugali ni nguvu ya fundi. Ni mzuri, msiuache. Lakini fundi mwenye nguvu bila matofali atajenga na nini? Matofali ya mwili ni protini. Nduku akikimbia, misuli yake inachoka na kuumia kidogo. Protini ndiyo inayoitengeneza. Isipokuwepo ya kutosha, misuli haiponi vizuri, na magonjwa yanampata upesi."

"Ndiyo maana nampa nyama!" akasema Musyimi.

"Unampa lori zima siku moja, kisha mwezi mzima hakuna hata tofali. Mwili hauna ghala la protini, baba Nduku. Unataka kidogo kila mlo, kila siku. Na nyama nyingi kabla ya mbio inakaa tumboni tu. Lazima alikimbia akiwa mzito."

"Kweli, anti," Nduku akasema. "Nilihisi nimebeba jiwe."

"Lakini nyama ya kila siku tutaitoa wapi?" Musyimi akauliza.

Wakesho akanigeukia.

"Mama Nduku, kwenye kibanda chako unauza nini?"

"Chai ya maziwa," nikasema. "Mayai. Ndengu..."

Jamani! Nilikuwa nawajengea madereva misuli ya kukalia usukani, na mtoto wangu anakimbia kwa strungi. Aibu ilinishika, machozi yakanitoka.

"Usilie, dada," Wakesho akasema. "Una bahati. Matofali yote yako hapa nyumbani."

Musyimi hakukubali haraka. "Lakini ndengu na maharagwe yanajaza mtu hewa. Mkimbiaji atakimbia vipi?"

"Yaloweke usiku, mwaga yale maji, uyapike mpaka yaive vizuri. Na asiyale karibu na saa ya kukimbia. Nyinyi Wakamba mna isyo, mahindi na maharagwe pamoja. Hicho ni chakula cha maana sana! Ila maharagwe yawe mengi, si ya kutafutwa kwa tochi."

"Na ile poda ya protini ya mkebe ninayoiona kwa simu?" akauliza Nduku.

"Mwenye yai na ndengu haihitaji. Nyingine hata hujui zimetiwa nini."

Mbuzi akafunguliwa, akaenda zake.

Tukaanza siku ileile. Asubuhi, Nduku akirudi kukimbia, alipata yai na kikombe cha maziwa yaliyochemshwa vizuri. Jioni alikula ugali na ndengu, au isyo, au dagaa wa omena na mboga. Ndugu zake wadogo nao walikula hivyohivyo, maana wao pia wanakua. Tuliacha gunia moja la ndengu nyumbani. Musyimi akageuka mwalimu. Akiona sahani ina maharagwe machache, anasema kwa sauti, "Haba na haba hujaza kibaba, lakini hii haba imezidi!"

Siku moja dereva akanilalamikia. "Mama, mayai yamekwisha saa hii? Yako wapi?"

"Yanakimbia kule mlimani," nikamjibu.

Kufikia wiki ya nne, Nduku hakulalamika tena juu ya misuli. Siku za kupumzika alipumzika. Mafua yakaisha. Akaanza kuimba akifua.

Siku ya mchujo Voi, zikibaki saa tatu mbio zianze, alikula ugali kidogo na yai moja. Musyimi alitaka kuongeza, nikamkanyaga mguu.

Mbio zikaanza. Nduku hakuongoza. Mzunguko wa tisa ukafika, nikafumba macho. Nikafumbua. Alikuwa wa tano, na miguu bado ilikuwa inamsikia. Akampita mmoja. Mzunguko wa mwisho akaanza kumfukuza msichana wa tatu. Musyimi, mtu wa kupumzika mara mbili, alikuwa anakimbia kando ya uwanja akipiga kelele bila kofia. Hatua kumi kabla ya mwisho, Nduku akapita.

Wa tatu! Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikapotea.

Kocha wa kaunti akaja na daftari. Akamtazama Nduku, akaanza kuandika.

"Trakisuti ya timu, nikuandikie ndogo?"

Nduku akajiangalia miguu, akacheka.

"Hapana, mwalimu. Ndogo itanibana."