Asile Mpaka Giza Lifunge

Jioni ile nilitoka kununua uzi mweusi. Gauni la mteja lilikuwa limebaki pindo tu. Tangu mume wangu apotee nashona mpaka macho yaume, maana nikikaa bure nalia. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alifunga karakana siku moja, hakufika nyumbani. Polisi, hospitali, mochwari... mimi na mama yake tulizunguka kote.

Nilipotoka dukani paka akanifuata. Mweusi, mbavu nje.

"Nenda zako, hata mimi naganga njaa," nikamwambia.

Akakaa. Akainua mguu wa mbele wa kushoto.

Haukuwa na manyoya. Ulikuwa na kovu la moto, refu, linalong'aa.

Kovu lile nililipaka dawa mwenyewe, wiki nzima, mkononi mwa mume wangu. Nikamwinamia. Alinuka chuma kilichoungua.

"Ni yeye," mtu akanong'ona nyuma yangu.

Mwanamke, amejitanda mtandio mpaka puani. Simjui.

"Waliomchukua wamezubaa leo. Mpeleke nyumbani, giza likifunga atakuwa mtu. Ila asile. Akila chakula chenu akiwa na ngozi hiyo, basi... ndiyo yake milele."

"Wewe umejuaje?"

"Wangu nilimpa maziwa."

Akaenda zake, hakugeuka.

Nilimbeba paka mbio mpaka nyumbani, nikamweleza mama mkwe nikihema. Nilidhani ataniona nimerukwa na akili. Aliutazama ule mguu, akakaa sakafuni.

"Mwanangu," alisema.

Tulifunga mlango. Paka akajibanza chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akaanza kulia. Kwanza kilio cha paka. Halafu...

"Mama..."

Sauti yake. Yake kabisa!

"Mama, njaa."

Nilimkumbatia mama mkwe kwa nguvu zote. "Usimsikilize, mama. Bado kidogo tu."

"Wewe ni mke," alininong'oneza kwa upole. "Hukumnyonyesha."

Mwanga dirishani ulikuwa unakwisha. Chini ya meza kitu kikaanza kualika, kama mtu anayevunja vijiti. Ko... ko... Nikachungulia.

Vidole vitano. Mkono wa mume wangu, na kovu lake, umeshika mguu wa meza.

Mungu wangu, furaha ile! Akili ikaniruka. Nikamwachia mama, nikakimbilia chumbani kumletea suruali yake, asije akasimama uchi mbele ya mama yake. Nilivuta droo, nikaipata, nikarudi mbio.

Nikasikia ulimi ukilamba.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, bakuli la maziwa mikononi, machozi yanamtiririka. Na vile vidole vilikuwa vinarudi ndani. Kimoja kimoja.

"Alisema anakufa," alilia. "Ningefanyaje, mwanangu? Ningefanyaje?"

Nje giza lilikuwa limeshafunga.

Jirani ananishauri nikamtupe sokoni, eti paka wa kuokota huleta magonjwa. Paka analala juu ya ile suruali. Mama mkwe haamki kitandani siku hizi. Kila jioni ananiita kwa sauti ndogo.

"Mwanangu ameshiba?"

Nachungulia chini ya meza. Bakuli limelambwa likatakata. Naye ananitazama, ameinua ule mguu, mdomo unachezacheza kama anayetafuta jina langu.

"Ameshiba, mama," najibu.