Duara Lililosogea Lenyewe

Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2025, Noof binti Sleiman aliamka mapema kama ilivyo kawaida yake siku za mapumziko. Alikoga, akafagia sebule, akakaa na mama yake wakasoma Suratul Kahf ya Qur'ani, kisha akamsaidia kukuna nazi ya wali. Walikaa Ruwi, mjini Maskati, katika nyumba ya ghorofa ya tatu ambayo kiyoyozi chake kilinguruma mchana kutwa. Walikuwa wawili tu. Baba yake alifariki dunia mwanzoni mwa Agosti kwa maradhi ya moyo, na mama yake, Bi Mahfoudha, alikuwa katika mwezi wa nne wa eda. Eda ni ile miezi minne na siku kumi ambayo mke aliyefiwa hukaa nyumbani, havai mapambo, hajitii manukato, wala hatoki bila ya haja.

Noof alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Walipomaliza kula na kuosha vyombo, mama yake aliingia chumbani kupumzika. Hapo Noof alifunga mlango wa sebule, akawasha televisheni na mashine ya michezo, kisha akaichukua kwa mikono miwili pedi ya marehemu baba yake, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe na kijiti cha kusogezea.

"Asalamu alaykum, Baba," alinong'ona.

Kwenye kioo cha televisheni ulitokea uwanja wa besiboli, mchezo wa Kimarekani wa kuupiga mpira kwa gongo, na mpigaji aliyeinua gongo begani akimsubiri mrushaji. Mbele ya mpigaji palikuwa na duara dogo jeupe. Duara hilo humwonyesha mchezaji gongo lake litapita wapi. Noof hakugusa kitufe wala kijiti. Alihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Duara likaanza kusogea lenyewe, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango, mpaka likafika pembe ya juu upande wa kulia. Likatulia hapo.

Pembe hiyo ndiyo aliyoipenda baba yake. Bwana Sleiman alisoma Marekani alipokuwa kijana, akarudi Oman na mapenzi ya besiboli ambayo hakuna jirani aliyeyaelewa. Alifanya kazi bandarini Matrah, na kila siku baada ya alasiri akirudi alikaa na binti yake wakacheza mchezo huo. Walikuwa wameanza msimu mzima wa mashindano. Alipofariki, ilikuwa imebakia mechi moja tu, ya mwisho.

Wiki tatu baada ya maziko, Noof aliiwasha mashine kwa mara ya kwanza, akaliona duara likienda. Hakumwambia mtu. Alijua kuwa mama yake yumo edani na kwamba kuna mengi yasiyofanywa mpaka hesabu ikamilike. Basi naye akaamua kuwa mchezo wa baba yake umo edani pia. Hakubadilisha mpangilio wowote ulioachwa na marehemu, hata kiwango cha ugumu, ambacho kilikuwa cha juu kabisa. Aliogopa kwamba akigusa kimoja tu, baba yake angeondoka.

Aliiogopa zaidi ile mechi ya mwisho. Akiishindwa, alihisi, atakuwa amemwangusha baba yake mbele ya macho yake. Kwa hiyo alicheza mechi za mazoezi tu, na zote alishindwa. Alipobonyeza kitufe, gongo lilichelewa, kana kwamba mtu mwingine alikuwa amelishika kwa nyuma.

Siku hiyo, alikuwa bado anacheza pale Maha alipoingia. Maha alikuwa binti wa khala yake, yaani wa dada ya mama yake, mwenye miaka kumi na minne. Mama yake alimleta kutoka Seeb amtembelee Bi Mahfoudha, akamwacha akaenda sokoni, naye alikuja na pedi yake mkobani ili wapate kucheza wawili.

"Kumi na moja kwa sifuri!" Maha alisoma matokeo, akacheka. "Bibie, unacheza au unafukuza inzi?"

"Nyamaza, weye."

"Mpira ushafika, ushadakwa, ndiyo kwanza unapunga gongo. Unauaga?"

Kisha Maha aliacha kucheka. Aliinamia kioo. "Noof, mbona hilo duara linakwenda? Hujagusa kitu."

"Liache."

"Wallahi linakwenda lenyewe! Hebu lete niangalie mipangilio."

"Usiguse!"

Maha alikuwa amekwisha kuishika pedi. Noof aliivuta kwa nguvu zake zote, ikawaponyoka, ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Noof akapiga ukelele ambao ulimtoa mama yake chumbani mbiombio.

"Kuna nini? Nani kaumia?" aliuliza Bi Mahfoudha, kanga yake nusu begani.

"Maha kaiharibu pedi ya Baba!"

"Khala, wallahi mimi..."

Bi Mahfoudha aliinua mkono kumkatiza. Akamgeukia binti yake. "Nnakuuliza wewe, mwanangu. Kaiharibu, au kuna kitu unakiogopa?"

Noof aliiokota pedi sakafuni. "Hakuiharibu, Mama. Mimi ndiye niliyeivuta. Nimesema uongo." Akaikumbatia kifuani. "Baba yumo humu. Maha anataka kumtoa."

Hakuna aliyecheka. Bi Mahfoudha aliketi kwenye zulia karibu na binti yake. "Nionyeshe," alisema.

Noof aliiweka pedi chini, akaondoa mikono. Wote watatu walitazama. Duara lilitulia kidogo, kisha likaanza safari yake, taratibu, hadi pembe ile ile. Bi Mahfoudha alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Kila siku?"

"Kila siku, Mama. Huenda kule kule kwake."

"Na mimi nnasikia funguo mlangoni," alisema mama yake kwa sauti ya chini. "Baada ya alasiri, wakati ule ule aliokuwa akirudi. Mara mbili nimeinuka kwenda kumpokea."

Maha alisogea karibu na Noof bila ya kujijua.

"Na ukaona nini, Mama?"

"Nilifungua mlango, na hapakuwa na mtu. Lakini nilifungua, Noof. Wewe bado hujafungua." Akamgeukia Maha. "Pedi yako unayo?"

Maha alitoa pedi yake. Bi Mahfoudha alimtaka Noof mwenyewe aiunganishe, asije akasema kwamba mtu amemfanyia hila. Noof aliizima ya baba yake, akaiunganisha ya Maha, akaiweka juu ya zulia. Duara lilikaa katikati. Walihesabu mpaka ishirini, kisha mpaka hamsini. Halikusogea hata kidogo.

Noof alilia kama alivyolia siku jeneza lilipotolewa mlangoni. Mama yake alimkumbatia na kumwacha alie mpaka atosheke.

"Kijiti cha pedi ya baba yako kimelika, ndiyo maana kinajivuta," alisema Maha kwa upole. "Hata yangu ya zamani ilifanya hivyo."

Bi Mahfoudha aliiokota pedi ya marehemu, akakipapasa kijiti chake kwa kidole. "Miaka minane dole gumba lake limekilaza upande huo. Hii ni alama ya kazi ya mkono wake, mwanangu. Mkono wenyewe tulikwisha kuuaga."

"Nilidhani mchezo umo edani, kama wewe."

"Eda ni ya mke, na ina hesabu yake. Kila nikiamka nnajua zimebaki siku ngapi. Hiyo uliyojiwekea wewe ina siku ngapi?"

Noof alianza kuhesabu vidoleni, akaacha.

"Haina mwisho," alisema mama yake. "Mwenyezi Mungu hakukuandikia hiyo. Baba yako anafikiwa na dua yako. Kumi na moja kwa sifuri haimfikii."

Maha alijizuia kucheka, akashindwa. Noof naye alicheka huku machozi yakimtiririka.

Baada ya sala ya alasiri, Noof alifungua mwenyewe ukurasa wa mipangilio. Maha alianza na televisheni. Alieleza kwamba ilikuwa inaipamba picha kwanza ndipo iionyeshe, na kwa hiyo mchezaji huona kila jambo kwa kuchelewa. Bwana Sleiman alikuwa ameuzoea ucheleweshaji huo, akibonyeza mapema. Waliiweka televisheni katika hali ya michezo, na gongo likaitika papo hapo. Kisha walisogeza upande wa kutazamia nyuma ya mpigaji, ili mpira uonekane mkubwa unapokuja.

"Sasa shusha ugumu. Weka kiwango cha wanaoanza."

"Cha watoto?"

"Cha wanaojifunza. Kwani weye nani?"

Noof alishusha.

"Halafu, usitazame gongo, utazame mkono wa mrushaji mpaka mpira umtoke. Ukija nje ya kile kisanduku kilichochorwa mbele ya mpigaji, uache upite. Mipira minne mibaya ukiiacha, unakwenda kituo cha kwanza bure, hujapiga hata mmoja."

"Bure?"

"Bure kabisa. Wewe ulikuwa unaipiga yote, hata inayokwenda sokoni."

Kwa wiki tatu, Noof alifanya mazoezi nusu saa kila siku, baada ya kumaliza kazi za shule na kusali. Siku za mwanzo hakupiga chochote, kwa sababu alijilazimisha kutazama tu: huu wa kasi, huu wa taratibu, huu unapinda. Kisha akaanza kuchagua. Alipoweza kushinda mara tatu mfululizo, alipandisha ugumu ngazi moja. Alipozidiwa, hakuona aibu kurudi chini. Haikuwa rahisi. Mara nyingine alisimamisha mchezo akalitazama lile duara lililotulia, na sebule ikamwonekea kubwa na tupu kuliko siku zote. Siku kama hizo alimwita mama yake, wakamsomea marehemu Fatiha, ndipo akaendelea.

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, aliifungua mechi ya mwisho. Maha alikuwepo. Bi Mahfoudha, aliyebakiwa na siku chache za eda, alikaa na sahani ya tende mapajani, asimpe mtu hata moja kwa wasiwasi. Hadi zamu ya mwisho timu zilikuwa tatu kwa tatu. Wachezaji wa Noof walikuwa wamevijaza vituo vyote vitatu. Mpigaji wake akipata kwenda kituo cha kwanza, kila mmoja atasogea mbele, na wa kituo cha tatu ataingia nyumbani, pale anaposimama mpigaji, aipatie timu pointi. Mrushaji alikwisha kurusha mipira mitatu mibaya na miwili mizuri. Ulibaki mmoja wa kuamua: mbaya wa nne ungempa mpigaji kituo, na mzuri wa tatu akiukosa ungemtoa.

"Piga, mwanangu!" alisema Bi Mahfoudha, asiyejua kanuni hata moja.

Mpira ulimtoka mrushaji kwa kasi, ukaanza kuinama, ukashuka chini, miguuni. Noof aliuona wote. Vidole vyake vikakaa kimya.

"Mbona hukupiga?" mama yake aliuliza.

"Mrushaji alitaka niupige, Mama. Ulikuwa mbaya."

Mpigaji aliweka gongo chini, akaenda kituo cha kwanza kwa mwendo wa kutembea. Wa kituo cha tatu akaingia nyumbani. Nne kwa tatu, na mechi ikaisha. Maha aliruka, akamwaga tende zote juu ya zulia.

Noof hakuruka. Maandishi yalitokea kwenye kioo: msimu umekwisha, unataka kuanza mwingine? Alimtazama mama yake.

Bi Mahfoudha alimshika bega. "Ungeniambia siku ya kwanza, tungelia pamoja na tungetengeneza pamoja. Ulificha, ukaogopa peke yako, na mwisho ukamzulia uongo mwenzio. Kuanzia leo ukiogopa kitu, sema, kisha ukitazame. Na ukishindwa jambo, usione haya kurudi kwenye la kwanza kabisa, ukalijua vizuri, ndipo ukapanda. Hivyo ndivyo baba yako alivyojifunza, na kumpenda hakukukatazi wewe kuendelea."

Noof aliinama kidogo, akasoma dua fupi, kisha akabonyeza kitufe cha ndiyo.

Nawe msomaji, huenda darasani kwenu yuko mwanafunzi aliyefiwa, anayekaa na hofu yake peke yake kwa kudhani kwamba itachekwa. Ukimaliza kusoma, mpe naye asome. Na kama hapendi kusoma, kaa karibu yake umsimulie.