Manyoya Kwenye Hori

Ng'ombe wa tatu alikuwa amelala ubavu mlangoni mwa zizi, macho yamegeuka meupe kama maziwa, makamasi yamegandia puani.

"Sumu," alisema mwanamke mwenye ng'ombe, mikono kiunoni. "Na mtiaji mnaye rumande tangu wiki iliyopita. Shemeji yangu. Tuligombania mpaka wa shamba, akaapa ng'ombe wangu watakwisha."

"Huyu ameanza kuugua lini?" aliuliza Inspekta.

"Juzi."

"Shemeji yuko rumande. Sumu hiyo ina miguu?"

Daktari wa mifugo alifungua bahasha. "Maabara haikukuta sumu kwa yule wa kwanza. Ni virusi vya kondoo. Kondoo hubeba na hata hapigi chafya, ng'ombe akivipata anakufa. Na ng'ombe hamwambukizi mwenzake."

"Kondoo? Niliwapiga marufuku mwaka jana! Mume wangu aliwauza wote."

Mume alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Inspekta alichutama kando ya hori. Kwenye msumari, usawa wa goti, palikuwa na kishada cha manyoya meupe.

"Bwana, ng'ombe wenu ni weusi. Haya ya nani?"

"Ya zamani hayo."

"Bado yana mafuta. Mkeo hupeleka maziwa saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Hurudi?"

"Saa sita."

"Hapo katikati, nani anakula kwenye hori?"

Fagio lilianguka.

"Sikuwauza. Wako kwa mama, na watoto wao. Baba alinikabidhi siku mbili kabla hajafa, ningewauzaje? Nikawa nawaleta hapa kula makombo ya nyasi. Wazima kabisa, afande! Ningejuaje?"

"Na ndugu yako alipotiwa pingu?"

"Hata mimi niliamini ni sumu. Ila nilishadanganya, nikaogopa kuulizwa."

Mkewe alimkazia macho. "Miaka kumi na minne ya ndoa, unaniogopa kuliko polisi?"

"Polisi siishi nao."

Daktari alikohoa, akageukia ng'ombe pekee aliyebaki mzima. "Huyu tutamwangalia miezi kadhaa, virusi hivi huweza kukawia kujitokeza."

Inspekta alifunga daftari. "Mshukiwa anaachiwa leo. Nani atakuja kumchukua?"

"Mimi," alisema mwanamke, akivua buti za zizini. "Nilimfunga kwa mdomo wangu, nitamwomba radhi kwa mdomo huohuo."

Getini aligeuka.

"Kondoo waende kwake. Ni fundi wa kuchomelea, hana ng'ombe. Na wewe, hori hilo nikirudi nilikute limeoshwa."