Mlango Mweusi wa Jikoni

Kila jioni Atuganile wa darasa la sita alikata majani ya ng'ombe, akachota maji, kisha akakaa jikoni kwao Ikuti kufanya hesabu zake. Wiki hiyo hakutulia hata kidogo. Kaka yake Obed, aliyemaliza kidato cha nne, alitaka kuingia chuo cha uuguzi. Jumamosi angekwenda Makandana kufanya jaribio la hesabu za msingi. Atakayeshindwa hapokelewi kwenye masomo ya kujiandaa na mtihani wa chuo.

Lakini Obed alishinda kutwa akikariri maswali magumu ya mitihani iliyopita.

"Kaka, turudie hesabu za sehemu kwanza," Atuganile alimwambia.

"Nenda huko! Mimi nirudi darasa la tano? Rafiki yangu Prosper akisikia si atanitangaza mtaa mzima?"

Mara mama yao akaita kutoka bandani. Ndama alikuwa na minyoo, na mama alikuwa ameshika chupa ya dawa na kikombe cha kupimia.

"Obed, nipimie. Ng'ombe mkubwa anapewa robo tatu ya kikombe. Bwana mifugo amesema ndama apewe nusu ya hiyo."

Obed akakuna kichwa. "Nusu na robo tatu... kikombe kimoja na robo, mama."

Atuganile akaangua kicheko. "We kaka! Ndama anywe nyingi kuliko mama yake?"

Obed naye alitaka kucheka, lakini alipomtazama yule ndama mdogo, kicheko kikamkauka.

"Ungemuua, mwanangu," mama alisema taratibu.

Atuganile akachukua kikombe chenye mistari minane, akajaza dawa mpaka mstari wa tatu. "Nusu ya robo tatu ni tatu ya nane, kaka." Obed aliinama.

"Sehemu sikuzielewa tangu zamani," alisema. "Tulifundishwa wakati wa masika. Mvua ikipiga bati, mwalimu hasikiki. Mimi nikawa nachora magari. Baadaye niliona aibu kuuliza."

"Basi uliza sasa!" Atuganile aliruka kwa furaha. "Mimi nina chaki!"

Mlango wa jikoni ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka mingi, na chaki ilionekana vizuri sana juu yake. Kila jioni walifanya hesabu hapo. Mvua ikinyesha, hawakusikiana, kwa hiyo mmoja aliandika swali na mwingine akaandika jibu. Obed akikosea, Atuganile alichora ndama mwenye tumbo kubwa.

"Mwalimu mkorofi wewe!" Obed alilalamika mvua ilipokatika, huku akifuta na kuanza upya.

Jumamosi mama alimwombea, akamfungia ndizi za kuchoma, naye akaondoka mapema. Mchana ulikuwa mrefu. Atuganile alitoka nje kuchungulia njia, akarudi, akatoka tena, mpaka mama akamwambia, "Utachimba shimo hapo mlangoni."

Mvua kubwa ilianza. Mara Obed akaingia mbio, ameloa chapachapa, mdomo ukienda kasi. Bati lilinguruma, halikupitisha neno.

"Unasemaje?" Atuganile alipiga kelele. "Umepita au hujapita?"

Obed akatikisa mikono, akachukua chaki, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: NIMEPOKELEWA.

Chini yake akachora ndama mwembamba anayecheka.

Atuganile alimrukia kaka yake shingoni bila kujali maji. Mama alifumba macho, midomo ikicheza kwa sala. Mvua ilipopungua alisema, "Ndaga fijo! Asante sana, Mungu wangu."

Kisha akawakalisha karibu na moto.

"Obed, kurudia hesabu za darasa la tano hakukukupunguzia kitu. Ulikuwa umeruka mahali, ukarudi ukapajaza. Kesho mgonjwa atakuwa mbele yako, naye atakuamini kama yule ndama. Usimpimie dawa kwa kubahatisha. Na wewe Atuganile, siku usipoelewa jambo, uliza siku ile ile, hata kama mvua inapiga bati. Andika swali lako, umpelekee mwalimu."

"Nimesikia, mama," Atuganile alijibu.

Obed akamkabidhi chaki. "Haya mwalimu, leo tunaanza asilimia."